Zotero: programu niliyoandikia memwari yangu ya master hapa Lubumbashi

Tangu nitetee memwari yangu, yaani tasnifu ya master, badogo wa promosiyo inayofuata wananiandikia karibu kila siku na swali ni lile lile: "Yaya, bibliografi ulifanya je?" Hawaulizi ju ya msitu wa miombo, hawaulizi ju ya makala (mkaa wa kupikia), hawaulizi hata kama juri ilikuwa kali, paka bibliografi. Na mi nawaelewa, ju hiyo bibliografi njo ilinitoa machozi mwaka wa kwanza, kwa hiyo badala ya kumjibu kila mmoja na voisi ya dakika kumi nimeona niandike yote mara moja, vile nilivyoiona Zotero tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kutetea.

Nianze na nilikotoka. Memwari yangu ilikuwa ju ya makala, yaani namna familia za Katuba na Kenya, komini za hapa Lubumbashi, zinavyopika na makala na namna msitu unavyosogea mbali na mji mwaka kwa mwaka. Mada kama hiyo ina maandishi mengi kuliko mtu anavyofikiri. Iko ya hapa kwetu UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, kwa Kifaransa, iko ya Zambia na Tanzania kwa Kiingereza ju miombo ni ile ile, miti ni ile ile ya Brachystegia na Julbernardia, halafu iko ripoti za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, halafu memwari za zamani za licence na za DEA (diploma ya kabla ya doktora), za wakati mfumo wa LMD, ule wa licence, master na doktora, haujafika, zile ziko paka kwenye karatasi, hauzioni popote mu intaneti. Mi nilikuwa nachunga hivyo vyote vile karibu kila mtu anavichunga: PDF zimejaa mu mashini (kompyuta) na majina ya namba namba ambayo hayasemi kitu, linki najitumia mwenyewe kwa WhatsApp, zingine nimeandika mu kaye katikati ya majibu ya wamama wa soko, na bibliografi yenyewe naiandika na mkono mwisho wa faili ya Word, mstari kwa mstari.

Nilipompelekea derekteri wangu, yule anayesimamia memwari, sura ya kwanza alinirudishia karatasi zimejaa biki nyekundu. Mawazo hakuyagusa sana. Aliandika pembeni ya majina: "Huyu ni nani?" "Mwaka gani?" "Haiko nyuma." "Iko nyuma lakini mu maandishi sijaiona." Nilihesabu, waandishi 23 niliowataja ndani hawakuwa kwenye orodha ya mwisho. Nikamaliza wiki nzima natafuta haya maneno nilitosha (nilitoa) wapi, na wengine sikuwapata tena kabisa, ikabidi nifute sentensi ambazo nilikuwa nazipenda, ju ukikosa kusema kitu umekitosha wapi, mu memwari hicho kitu si chako na si cha mtu yeyote.

Asista mmoja njo alinionesha Zotero, tumesimama tu kwenye baraza tunangoja mvua ipite. Akaniambia, "Dada, acha kuandika bibliografi na mkono, utaumia bure." Akafungua mashini yake, akanionesha kwa dakika kumi hivi, mvua ikaisha, akaenda. Mi niliirudia nyumbani peke yangu usiku huo mpaka batri ikakatika.

Kwa wasioijua: ni programu ya kuchunga vyanzo vyako vyote, artikeli, vitabu, memwari, ripoti, kurasa za intaneti, pahali pamoja na PDF zake, halafu ukiwa unaandika mu Word ao LibreOffice ao Google Docs inakuwekea jina na mwaka ndani ya sentensi, na mwisho inakupangia bibliografi yenyewe. Ukifuta ile sitasiyo, mwandishi naye anatoka kwenye orodha. Ukiongeza, anaingia pahali pake pa alfabeti. Ilitoka mwaka 2006 ku chuo kikuu cha George Mason kule Virginia, Marekani, kwenye kituo cha wanahistoria, na mi nikisikia hivyo naelewa kwa nini imetengenezwa vizuri upande wa karatasi za zamani na makumbusho, ju wanahistoria wanajua mateso ya vyanzo. Jina lenyewe limetoka mu Kialbania, neno la kusema kukishika kitu mpaka umekimiliki. Na ni ya bure, si bure ya siku 30 halafu inakuomba karata ya benki, bure kabisa, na msimbo wake uko wazi kwa mtu yeyote anayetaka kuusoma. Ziko zingine za kulipia kama EndNote, sikuzigusa, mwanafunzi wa hapa anayelipa nyumba, chakula na usafiri wa kupanda Kasapa, kwenye kampasi, hana pesa ya kulipia programu.

Sasa kitu ambacho kwangu kinapita vyote, na njo sababu ya kwanza namwambia kila mtu wa hapa aichukue: inafanya kazi bila koneksiyo. Kila kitu kiko ndani ya mashini yako. Unaihitaji intaneti wakati wa kuingiza artikeli mpya ao wakati wa kutuma kopi yako ku mtandao, basi. Kusoma PDF, kupigia mstari, kuandika noti, kuweka sitasiyo mu Word, kutengeneza bibliografi yote, hivyo vyote unafanya modem imezimwa. Hapa kwetu mtu anajua maana yake. Kuran (umeme) inaenda saa moja ya jioni, unabaki na batri ya masaa mawili ao matatu kama mashini yako ni nzuri, mega za intaneti nazo zinahesabiwa, sasa kama programu yako inataka mtandao ili tu ikufungulie kitabu chako mwenyewe, hiyo jioni imekufa. Mi nilijipangia hivi: mchana nikiwa na koneksiyo nzuri naingiza tu, siwezi hata kusoma, naingiza artikeli 10 ao 15, usiku giza likiingia nafungua Zotero na kusoma. Sura ya pili karibu yote niliiandika kwa taa ya telefone.

Kuingiza kwenyewe iko namna tatu na mi nilitumia zote. Ya kwanza ni kile kidude wanaweka kwenye Firefox ao Chrome, uko kwenye ukurasa wa artikeli unabonyeza mara moja, jina, mwaka, jarida, kurasa, vyote vinaingia, na PDF ikiwa ya bure nayo inaingia. Ya pili niliipenda zaidi ju inakula mega kidogo sana, ni ile alama ya fimbo ndogo ya uchawi, unabandika DOI, ile namba ya utambulisho ya artikeli, ao ISBN, ile namba ya kitabu, unapiga, inakuja yenyewe. Nilikuwa naenda maktaba na telefone, napiga picha ya ISBN nyuma ya vitabu, jioni naziingiza zote. Ya tatu ni kuandika na mkono, na hapa nataka nikae kidogo.

Memwari zetu za zamani, zile za kwenye karatasi, hazina DOI, hazina ISBN, hazina kitu. Hata kama mtu amezipiga skani, ile PDF ni picha tu, hakuna maandishi ndani, kwa hiyo Zotero haiwezi kuzitambua yenyewe. Lazima uandike wewe. Unachagua aina ya "Thèse", kwenye kipande cha aina unaandika kama ni mémoire de licence ao DEA ao master, unaweka chuo, mwaka, idadi ya kurasa. Dakika mbili kwa moja. Badogo wengi wanaziruka ju ya hiyo kazi, wanaweka paka artikeli za Ulaya ambazo zinaingia kwa kubonyeza, na mi hiyo inaniuma kabisa, ju mtu wa Lubumbashi aliyetembea na kinga (baiskeli) yake mpaka kwenye tanuru za makala mwaka 1998 ao 2005 amesema vitu ambavyo hakuna mtu wa mbali anavijua, na kama si wewe unayemtaja ni nani atamtaja? Kwenye orodha yangu memwari na tezi (za doktora) za hapa ni zaidi ya thuluthi. Zote niliandika na mkono, na sijuti.

Halafu majina. Hii hakuna video itakuambia ju hawa wanaotengeneza video hawana postnom. Sisi tuna jina, postnom, yaani jina la pili linalofuata lile la kwanza, na prénom, jina la mtu mwenyewe. Zotero ina vyumba viwili tu, kimoja cha jina la ukoo na kimoja cha jina la mtu. Artikeli ikiingia yenyewe kutoka jarida la nje, mara nyingi postnom imetupwa kwenye chumba cha pili, halafu ukitoa bibliografi unakuta mtu anayeitwa, tuseme, Ilunga Mwamba Jean amekuwa "Ilunga, M. J.", na kwenye artikeli yake nyingine jarida limemwandika kinyume akawa "Jean, I. M.", sasa ni mtu mmoja lakini mu orodha yako ni watu wawili, na huyo mtu anaweza kuwa anakaa kwenye juri yako! Dawa yake ni rahisi, kila artikeli ya Mkongomani ikiingia, angalia jina hapo hapo, jina na postnom weka pamoja kwenye chumba cha kwanza, prénom peke yake kwenye cha pili, na fanya vile vile kwa artikeli zake zote. Vilevile mashirika. Ukiandika Food and Agriculture Organization kwenye vyumba viwili, programu itafikiri ni mtu, itamkata majina. Pembeni ya jina iko alama ndogo ya kubadilisha vyumba viwili viwe kimoja, bonyeza, andika jina lote la shirika, imeisha.

Upande wa stili, yaani namna ya kupanga sitasiyo na bibliografi, sitakaa sana. Iko maelfu kwenye hazina yao, zaidi ya 10,000, APA, Vancouver, Chicago, na unaweza kuziangalia mfano kabla ya kuchukua. Fakilte nyingi hapa zina namna yao ambayo haifanani na yoyote kati ya hizo, majina kwa herufi kubwa, mwaka mwisho, vitu kama hivyo. Mi nilitafuta ile iliyokaribia, nikamwonesha derekteri kabla sijaendelea, akakubali. Mwonesheni mapema, si mwezi wa mwisho. Na kwenye mipangilio ya faili yako chagua lugha Kifaransa, la sivyo utakuta "and" na "Retrieved" katikati ya memwari ya Kifaransa, wale wakubwa wa juri wanaona hiyo kwanza kabla ya kuona matokeo yako. Uzuri ni kwamba ukibadilisha stili, memwari yote inabadilika pamoja, sitasiyo zote na orodha. Ko-derekteri wangu alipotaka tubadilishe wiki tatu kabla ya kuweka memwari, mwenzangu aliyeandika na mkono alikesha siku nne, mi nilibonyeza mara mbili nikaenda kupika bukari. Nilimsaidia kesho yake, tuliingiza vyanzo vyake pamoja.

Sasa ile siku ya kutetea, ju hii njo ninayoihadithia kila mtu.

Nimemaliza kusema, juri inauliza, mmoja wao, profesa mwenye umri, anafungua memwari yangu pahali alipokunja, ananiambia, "Mademoiselle, hii namba ya uzito wa mbao inayotoa kilo moja ya makala mu tanuru ya udongo, ulitosha wapi? Ju mi najua tanuru za hapa." Nilikuwa nimemtaja mwandishi na mwaka, lakini yeye alitaka zaidi, alitaka kujua kama ile namba ni ya Katanga. Mashini ilikuwa mbele yangu, Zotero imefunguliwa. Nikaandika jina, artikeli ikaja, nikafungua noti zangu. Nieleze kidogo: tangu toleo la 6 la mwaka 2022 unasoma PDF ndani ya Zotero yenyewe, ukipigia mstari na rangi unaweza kuyaleta yale maneno yote mu noti, na kila neno linabaki limefungwa na ukurasa wake, ukibonyeza inakurudisha pale pale ulipopiga mstari. Nikabonyeza. Ikafunguka kwenye ukurasa, mstari wangu wa manjano upo, na pembeni yake nilikuwa nimejiandikia miezi kumi na moja kabla: "Zambia, si hapa, sema hivyo." Nikamjibu, "Prof, ni kipimo cha Zambia, mu miombo inayofanana na ya kwetu, na kwenye aya inayofuata nimeandika kwamba kwa hapa kinahitaji kupimwa tena." Akasoma aya inayofuata, akatikisa kichwa, akasema "Vizuri, endelea." Mama yangu alikuwa amekaa nyuma na kitenge chake cha siku kuu, hakuelewa ile namba ni ya nini, lakini aliona yule mzee ametikisa kichwa, akapiga vigelegele kabla ya wakati wake, wakamnyamazisha.

Bila ile noti ningejibu nini? Ningesema "sikumbuki Prof", na kila mtu aliyewahi kusimama pale anajua baada ya "sikumbuki" maswali yanaongezeka.

Lakini isieleweke kwamba programu njo ilinijibia. Noti niliandika mi, kwa kusoma. Nimeona wenzangu wana artikeli 400 mu Zotero na hawajafungua hata 20, wanaweka sitasiyo kwa kusoma kichwa cha habari tu. Hiyo Zotero haiwezi kuikataza.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea, inanisaidia kukamata vyanzo vya uongo. Siku hizi badogo wanauliza zile roboti za kujibu maswali ziwape bibliografi, na zinawapa, majina mazuri, majarida yanayojulikana, mwaka, hata DOI, na artikeli yenyewe haipo duniani. Mudogo mmoja aliniletea orodha ya vyanzo 30 anifurahishe. Nikamwambia tuingize DOI moja moja na ile fimbo. Zingine zilikataa kabisa, zingine zilileta artikeli ya mtu mwingine ju ya samaki ao ju ya ugonjwa wa moyo. Alikaa kimya muda mrefu. Tukaanza upya, na vilivyobaki vilikuwa vya kweli. Pia tangu 2019 Zotero inakuonya na alama nyekundu kama artikeli uliyonayo jarida limeshaiondoa kwa sababu ya makosa ao udanganyifu, kwangu haijatokea lakini napenda kujua kwamba inaangalia.

Sasa upande wa pahali pa kuwa macho.

Wanakupa 300 MB za bure kwenye mtandao wao kuchungia PDF. Kwa memwari hazitoshi, zangu zilijaa kabla ya mwaka kuisha ju zile skani za zamani ni nzito sana. Majina ya vyanzo na noti vyenyewe havina mpaka, vinaendelea kutumwa hata kama PDF zimejaa, na hiyo njo iliniokoa. Ukitaka nafasi zaidi ni dola 20 kwa mwaka kwa 2 GB, na shida kwetu si dola 20 tu, ni namna ya kulipa ukiwa hauna karata. Kwa hiyo mi sikulipa. Nilifanya hivi: mu mashini iko folda inayoitwa Zotero, ndani yake iko faili ya zotero.sqlite na folda ya storage yenye PDF zote. Kila Jumapili nikitoka kanisani nafunga Zotero kwanza, naikopi folda yote kwenye diski ya nje ya kaka yangu. Funga kwanza, msisahau, ukikopi ikiwa imefunguliwa unaweza kukopi kitu kilichovunjika katikati. Na msiweke hiyo folda ndani ya Dropbox ao Google Drive mkifikiri mmepata ujanja, wenyewe Zotero wanakataza, inaharibu.

Miezi minne kabla ya kutetea kuran ilirudi na nguvu usiku mmoja, mashini yangu ilikuwa kwenye prizi, asubuhi diski imekufa. Nililia, siwezi kuficha. Nikaazima mashini ya binamu, nikaweka Zotero, nikaandika jina langu na neno la siri, na vyanzo vyote vikaanza kushuka kimoja kimoja na noti zangu, hata ile ya "Zambia, si hapa". PDF nyingi nilizitosha kwenye diski ya kaka. Nilipoteza zile za tangu kopi ya mwisho tu, zisizozidi kumi, nikazitafuta tena. Memwari yenyewe nilikuwa nimemtumia derekteri siku tatu nyuma. Hayo masaa ya asubuhi ile mi nayakumbuka kuliko hata siku ya kupewa pointi.

Ya pili, mtu asifungue faili ya memwari kwenye telefone ili "arekebishe kidogo tu". Mi nilifanya mu taksi nikielekea Kasapa, nilitaka kubadilisha neno moja, programu ya telefone ikahifadhi faili kwa namna yake, nilipoifungua kwenye mashini sitasiyo za sura nzima zilikuwa zimegeuka maandishi ya kawaida, Zotero haizitambui tena. Siku moja na nusu kuzirudisha. Na ukienda kuchapa, usipeleke ile faili ya Word ku sekretariati, peleka PDF, mashini zao zina Word ya miaka mingine na fulashi zao zina virusi. Kama derekteri anataka Word na yeye hana Zotero hakuna shida, anasoma tu kawaida. Lakini kama mnataka kukata kabisa ule uzi kati ya faili na Zotero, iko kitufe cha kufanya hivyo, tengenezeni kopi kwanza, ju ukishakata haurudi nyuma.

Ya tatu, mwanzo wake unachosha. Wiki ya kwanza nilijiona napoteza muda, naandika aina, naandika kurasa, natengeneza majina, na sura haiendi. Mtu aliyebakiza mwezi mmoja kutetea na ana vyanzo 150 kwenye Word, simwambii ahamie sasa, amalize tu vile alivyo na biki yake. Ila aliye mwaka wa kwanza wa master, anayeingia sasa tu mu semina ya kuchagua mada, huyo aanze leo kabla hajasoma artikeli ya pili.

Kuna pia ile ya kufanya kundi, watu wa labo moja wanachangia maktaba moja ya bure, sisi tulijaribu wanne, wawili hawakuwahi kuingiza kitu, tukaacha. Programu ya telefone ipo, ya iPhone ilitangulia na ya Android ikafuata, mi nimeitumia kusoma tu kwenye foleni, sina mengi ya kusema.

Mukinilomba pointi ju ya 20 kama kwetu, naipa 17. Pointi tatu nimezitoa kwa ile nafasi ndogo ya PDF na kwa vyumba viwili vya majina, ju dunia nzima haina majina mawili.

Mashini ya binamu nilishairudisha. Sasa niko na ya mtumba, na Jumamosi hii badogo wanne wanakuja nyumbani na za kwao tuziwekee pamoja, nimewaambia kila mmoja alete memwari moja ya zamani ya maktaba, ya karatasi, aliyoipigia picha ukurasa wa kwanza. Njo tutakayoanza nayo.